Mume Wetu wa Chanzuru

Nilimwonea wivu mwanamke aliyekufa kabla sijamjua. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia mjane anasimulia habari za mumewe hutegemea machozi kwanza. Machozi yalikuwepo, tena mengi, lakini kilichokuwa kikiniamsha asubuhi na kunikalisha kimya kanisani wenzangu wakiimba hakikuwa machozi. Kilikuwa wivu, na mtu niliyemwonea hakuwa hata na pumzi ya kujitetea.

Mume wangu alinioa akiwa mgane. Alikuwa fundi baiskeli pale Kimamba, na kwao ni Chanzuru, kwenye mji wa ukoo wao, watu waliohamia kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao wakati baba yake bado kijana. Mimi ni mzaliwa wa Mikumi. Kazi yangu ni mama ntilie, kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Alikuja Mikumi kutafuta vipuri, akala wali maharage kwangu, na wiki iliyofuata akarudi bila shida yoyote ya vipuri. Siku ya kwanza kabisa aliniambia kwamba aliwahi kuwa na mke, amefariki, na kaburi lake analipalilia yeye mwenyewe. Nilimpenda kwa ukweli ule. Sikujua kwamba nitaishi nao nyumba moja kwa miaka saba.

Kushindana na mke mwenza aliye hai ni kazi, lakini angalau naye ana siku zake mbaya. Marehemu hana. Marehemu haunguzi ugali, hanuni, hanenepi, hasemi neno likamtoka vibaya mbele ya mashemeji. Nilipoanza kusali Chanzuru, kina mama wa kanisa walinipokea vizuri sana, kisha wakaniambia, "Mwenzio alikuwa mpole, jamani." Mwenzio. Nilikuwa sijamaliza hata kufungua kitenge kilichoubeba mtungi wa togwa niliowaletea. Walinieleza alivyokuwa akiimba sauti ya pili, na kwamba tangu aondoke kwaya haijapata mtu wa kukaa mahali pake. Hakumzalia mume wangu mtoto, wala mimi sikumzalia, kwa hiyo hapo tulikuwa sare. Kwingine kote aliniacha mbali.

Kila baada ya mavuno mume wangu alifunga kiroba cha unga wa sembe nyuma ya pikipiki na kwenda Ruhembe, kwenye mashamba ya miwa, kumpelekea mama wa marehemu. Alimwita mama mkwe mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyekishona kile kiroba mdomo. Mimi ndiye niliyempigia pasi shati la kwendea, mikono na kola, ili huko Ruhembe wajue kwamba mtu huyu ana mwenyewe. Alirudi na vipande vya miwa na salamu. "Mama anakusalimu," alisema, na alikuwa mtu asiyejua kudanganya, kwa hiyo nilijua palepale kwamba hakuna aliyenisalimu.

Alifariki ghafla, kwa presha. Alianguka kazini asubuhi, akalazwa hospitali Kilosa, siku ya tatu akaondoka huku nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na sindano. Sina mengi ya kusema juu ya siku hizo. Nakumbuka zaidi kikao cha ukoo, nilipoomba azikwe Mikumi, na shemeji yangu, mdogo wake, akaniambia kwa upole kabisa, "Shemeji, mwanaume anazikwa kwao. Halafu mahali alishapaonyesha mwenyewe, siku ile alipomzika marehemu. Alisema, mimi mtanilaza hapa ubavuni."

Alikuwa ameshachagua kabla hajala wali wangu.

Majirani wa Chanzuru wengi ni Waislamu, wenyeji wa bonde lile tangu zamani, na msiba ukitokea hawasubiri kuitwa. Alfajiri walishafika na majembe, sururu na machepe, wakachimba huku vijana wa kwetu wakihangaika na turubai na maji. Walichimba vizuri, pande zimenyooka, hatua mbili tu kutoka kaburi la marehemu, kama walivyoelekezwa. Walipomaliza, mzee mmoja akachomeka kijiti kuonyesha upande wa kichwa, kama anavyofanya siku zote. Kosa liliingia hapo. Sisi humlaza mtu kichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo akiinuka awe ameelekea jua linakotoka, ambako tunaamini Bwana atatokea. Wao humlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla, na kibla kwetu iko kaskazini, kwa hiyo kichwa kinakaa mashariki. Shimo ni lilelile. Kijiti tu ndicho kilichokuwa kimechomekwa kwa kawaida yao.

Mvua ilikuwa inakuja. Mwinjilisti alifupisha mahubiri, kwaya ikaimba haraka, na waliokuwa ndani ya shimo kupokea walikuwa walewale wachimbaji. Waliangalia kijiti chao, wakalizungusha jeneza, wakaliteremsha kwa heshima zote. Lilikuwa jeneza la mstatili, ncha zote sawa. Huwezi kutofautisha huku na kule isipokuwa kwa kile kidirisha cha kumwangalia mtu usoni wakati wa kumuaga, nacho kilishafunikwa kwa kibao na kitambaa cheupe juu yake. Mimi nilikijua kibao kile kwa sababu nilisimama nacho mpaka msumari wa mwisho. Lilipokuwa linashuka, kitambaa kiliteleza. Nilipoitwa kutupa udongo, watu walikuwa wamesongamana, nikasukumwa upande wa mashariki. Nikatazama chini. Kibao kilikuwa mbele yangu.

Nilielewa mara moja. Ningesema neno moja tu, wangelipandisha dakika ileile na kuligeuza, na hakuna ambaye angelaumiwa. Badala yake niligeuza macho kwenye kaburi la pembeni. Yeye kichwa kule, huyu kichwa huku. Wamelazwa mzungu wa nne, kama watoto waliogombana na kitanda ni kimoja. Moyo wangu, uliokuwa umevunjika kweli, sisemi uongo, ulifurahi. Nikatupa udongo wangu nikaondoka.

Msalaba waliusimika magharibi, mstari mmoja na ule wa marehemu, watu wakasema umependeza. Ulikuwa umesimama juu ya nyayo zake, na aliyejua ni mimi peke yangu.

Nilirudi Mikumi nikaikalia siri yangu. Nilikuwa nikikanda unga wa chapati, naikumbuka, nacheka peke yangu, halafu nalia. Wateja walidhani ni uchungu unaniyumbisha, wakawa wapole kwangu. Waumini wa pale Mikumi walikuja kunifariji, na kila mmoja alikuwa na neno lilelile, kwamba utamwona tena, mama, hii si kwaheri. Niliitikia amina. Moyoni nilisema, na yule je? Yeye si ndiye atakayemwona kwanza? Wapo hatua mbili. Mimi siku hiyo ya parapanda nitakuwa natoka Mikumi kwa miguu, nikatishe hifadhi nzima na tembo wake, nifike Chanzuru na vumbi usoni niwakute wameshasalimiana na kumaliza habari zote. Kila aliponitajia mtu ufufuo nilimwona yule mwanamke anainuka, anajikung'uta udongo, anamshika mume wangu mkono. Faraja ya wenzangu kwangu ilikuwa mwiba. Kitu pekee kilichonituliza kilikuwa ule msumari na kile kibao, kwamba angalau akiinuka atakuwa amempa mgongo.

Mwinjilisti wa Chanzuru, kijana mpole, alipita kunijulia hali. Sikumwambia siri, ila nilizungukazunguka mpaka akanusa shida iko wapi. Akanieleza habari ya wale waliomwendea Yesu na swali la mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakafa, kwamba siku ya ufufuo atahesabiwa mke wa nani. Nilikaa vizuri kwenye kiti. Hatimaye kuna mtu aliyeuliza. Akaniambia jibu, kwamba kule mambo ya kuoana hayapo tena. Alidhani amenipa dawa. Nilimkaribisha chai kwa hasira. Sikutaka mbingu ambayo mume wangu atanipita kama abiria aliyeshuka kituo kimoja na mimi. Afadhali tumgombanie.

Pasaka ya kwanza baada ya msiba sikwenda Chanzuru. Nilikaanga chapati siku nzima na kugombana na kila mtu.

Pasaka ya pili shemeji alinipigia simu. Ukoo ulikuwa umeamua kulijengea kaburi. Fundi ameshapatikana, mchanga umeshashushwa, Jumatatu anaanza kumwaga zege. "Njoo Jumamosi tusafishe, shemeji, na Jumapili alfajiri tusali makaburini kama kawaida. Mwaka jana ulituacha." Kawaida yenyewe ni kwamba siku ya Pasaka, kabla hakujapambazuka, kila familia inasimama kwenye kaburi la mtu wake, na wanaimba mpaka jua litoke. Nikaona nikikataa tena watauliza kwa nini. Na zege likishamwagwa, nilijiambia njiani, jambo limekwisha, halitageuzwa na mtu milele. Nilikwenda kuhakikisha.

Nilimkuta pale mwanamke mzee amechuchumaa kati ya makaburi mawili, ana kijembe kifupi na ndoo ya maji. Hatukuwahi kuonana ana kwa ana isipokuwa siku ya mazishi, na siku ile sikumtazama. Alikuwa mama wa marehemu, ametoka Ruhembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Mikumi."

Hakuwa anauliza. Nikachukua jembe nikaanza kupalilia la mume wangu, na nilipofika mpakani mwa lile lingine nilisimama, nikaacha ukingo wa majani umenyooka kabisa. Hata shamba la kugombaniwa halipimwi vile. Yeye alipalilia yote mawili bila kuchagua. Shemeji alikwenda na fundi kutafuta maji, tukabaki wawili. Aliloweka kitambaa kwenye ndoo akaanza kuupangusa msalaba wa mume wangu, polepole, kwenye kila herufi.

"Hawa wanangu wataamka pamoja," alisema.

Nilipiga jembe.

"Nikwambie jambo baya," akaendelea, hakuacha kupangusa. "Siku niliyopigiwa simu kwamba mkwe wangu amefariki, nililia. Halafu nikafurahi. Nilisema, sasa mwanangu amepata mtu wake, hayuko peke yake tena. Najua si maneno ya kumwambia mjane. Lakini kila alipoleta unga nilikuwa naangalia shati lake. Limepigwa pasi vizuri mno. Mwanangu hakuwa hodari wa pasi. Nilikuwa namchukia huyo aliyelipiga."

Miaka saba nilikuwa nikipiga pasi mashati yale ili aone. Kumbe aliona. Ingenipasa kufurahi, au kumwonea huruma, lakini nilichokisikia ni kwamba kuna mtu alifurahi siku mume wangu alipokufa, na mtu huyo ameushika msalaba wake. Damu ilinipanda. Nikamwambia, na nilitaka imuume:

"Hawajalala pamoja, mama. Walimteremsha kinyume. Kichwa chake kiko huku nilikosimama mimi. Hapo unapopangusa ni miguuni. Niliona nikanyamaza."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata na jibu. Aliondoa mkono kwenye msalaba, akalitazama kaburi kwa urefu wake mpaka kwangu, kisha akaligeukia la binti yake.

"Kwa hiyo bado yuko peke yake," alisema.

Hakuniambia mimi. Akaanza kulia, kitambaa kikiwa kinadondosha maji kwenye magoti yake. Nilikijua kile kilio. Nilikuwa nikikisikia Mikumi, juu ya unga wa chapati. Ni kilio cha mtu ambaye kwake mambo yameishia udongoni, aliyebaki na kazi moja tu ya kupanga nani alale karibu na nani. Mtu mzima, muumini wa miaka yote, aliyezeeka akiimba habari za kaburi lililokutwa wazi, alikuwa analia kwa sababu ya hatua mbili za ardhi. Na mimi nilikuwa nimezilinda hatua hizohizo mwaka mzima na nusu kama askari wa zamu. Yeye alitaka wakae bega kwa bega, mimi nilitaka wapeane mgongo, na wote wawili tulishakubaliana, bila kuonana, kwamba hapo walipo ndipo watakapokaa.

"Akiamka atageuka, mama," nilisema.

Sikupanga kusema hivyo. Nilikuwa nimekuja na hasira na bado nilikuwa nayo. "Atakuwa mzima," nikaongeza, kwa sababu aliacha kulia akanitazama. "Ana shingo, ana macho. Ataona ameelekea kusiko, atageuka."

Nilijisikiliza nikisema. Amina zote nilizowaitikia watu Mikumi ziliishia kwenye meno. Hii ilitoka chini kabisa. Nilimwona mume wangu jinsi alivyo, si yule wa jenezani. Alikuwa mtu wa kupotea njia hata mjini Kilosa penye barabara chache, na nilimwona anainuka ameelekea magharibi, wenzake wote wameelekea mashariki, amesimama anashangaa mbona kumekuwa giza huku, halafu anageuka na ile aibu yake ya kucheka chini. Nikacheka. Yule mama aliniona nacheka makaburini, akadhani nimechanganyikiwa. Nikamweleza nilichokiona. Alifuta uso kwa kile kitambaa cha msalaba.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Ruhembe alipotea mara mbili, na mashamba yenyewe yana barabara moja."

Jioni ileile nilimwambia shemeji mbele ya fundi. Alikaa juu ya mfuko wa saruji.

"Ulijua tangu siku ile, shemeji?"

"Tangu siku ile."

"Na ukanyamaza kwa nini?"

"Wivu."

Aliangalia kaburi moja, akaangalia la pili. Mzee wa kijiti aliitwa, akaja ameshika kofia mkononi. "Tusamehe, mama. Mkono umezoea," aliniambia. Nilimwambia kosa lake lilikuwa la dakika moja, langu la mwaka na nusu. Mwinjilisti alisema hakuna haja ya kufukua, Mungu aliyemuumba atajua kichwa kiko wapi. Msalaba ndio ulioondolewa miguuni ukapelekwa mashariki, na Jumatatu zege likamwagwa hivyo. Mpaka leo misalaba miwili pale Chanzuru imesimama huku na huku, na wageni huuliza nani alikosea.

Lakini kabla ya Jumatatu ilikuja ile alfajiri ya Pasaka. Kulikuwa na umande, taa za simu zikimulikamulika kati ya makaburi, na kwaya ikitafuta sauti. Familia zilisimama kwa watu wao. Mimi sikujua nisimame wapi, mwishowe nikaingia katikati, kwenye zile hatua mbili. Yule mama akaja akasimama nami, bega lake likinigusa. Ule ukingo wangu wa majani ulikuwa hapo, nikauvunja kwa kisigino huku tunaimba.

Anga lilipoanza kupauka aliniinamia.

"Akigeuka," aliniuliza kwa sauti ya chini, "atamwona nani kwanza?"

Ningeweza kumwambia kwamba mambo kama hayo hatuyajui. Lingekuwa jibu zuri, hata mwinjilisti angelisifu. Lakini aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na mimi nilikuwa nimeshayaona yote mawili, kaburi hili na lile.

"Binti yako," nilimjibu. "Ndiye aliye karibu."

Ilinichoma kulisema. Nilisikia wivu uleule, mzima, haujapungua hata chembe, ila safari hii nilimwonea mtu ambaye atafumbua macho.